Kabla ya kijiwe kuna kaka: Namna ndugu wanavyofundishana pombe

WAHENGA walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo inataja walimu wawili. Hata hivyo, katika nyumba nyingi yupo mwalimu wa tatu asiyetajwa, anayelala chumba kimoja na mwanafunzi wake, anayemrithisha shati la shule na viatu, na ambaye maneno yake husikilizwa hata pale ya mama yanapopuuzwa. Mwalimu huyo ni kaka au dada aliyetangulia kuzaliwa.

Katika suala la pombe, tafiti zilizofanyika katika nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa mwalimu huyo ana nguvu kubwa. Mzazi anayemwonya mwanawe kuhusu marafiki wabaya wa mtaani huenda analinda mlango wa mbele, ilhali somo lenyewe linafundishwa chumbani.

Pasua, kata ya Manispaa ya Moshi iliyoko kusini mwa mji huo, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Kama ilivyo katika maeneo mengine ya mijini yenye wakazi wengi, si ajabu mwanafunzi wa kidato cha pili kulala chumba kimoja na kaka yake mwenye umri wa miaka 20, anayeendesha bodaboda au kufanya vibarua. Kaka anaporudi saa nne usiku akinukia pombe, wazazi wanaweza kuwa wamekwisha kulala. Mdogo wake hajalala.

Mkoa wenye pombe yake

Kilimanjaro si mkoa ambao pombe ni jambo geni. Kwa vizazi vingi, Wachagga wamepika mbege kwa ndizi mbivu zinazochemshwa na kuachwa zichache, kisha kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Mbege ni kinywaji cha heshima. Posa haikamiliki bila mbege, usuluhishi wa ugomvi wa mipaka ya kihamba huambatana na mbege, na msibani wazee huketi wakipokezana kata. Katika mazingira hayo, mtoto kuonjeshwa funda moja la mbege changa na bibi au babu halikuonekana kuwa kosa.

Mambo yamebadilika tangu familia nyingi ziliposhuka kutoka Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu na Rombo na kuhamia mjini. Mbege bado inauzwa katika vilabu vya pombe za kienyeji, lakini sasa inashindana na bia, mvinyo wa ndizi wa chupa, pombe kali na gongo, ambayo imepigwa marufuku kisheria. Kwa miaka kadhaa vijana pia walizoea viroba, pombe kali ya bei nafuu katika mifuko midogo ya plastiki iliyoweza kufichwa katika mfuko wa sare ya shule. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017.

Pamoja na mabadiliko hayo ya vinywaji, tabia ya kunywa mapema imebaki. Mwaka 2015, watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha vijana 1,954 wenye umri wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza. Waliohojiwa walikuwa wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa vyuo, waajiriwa wa viwandani na vibarua. Unywaji ulibainika kuwa mkubwa zaidi Kilimanjaro kuliko Mwanza. Miongoni mwa wanafunzi wa vyuo wa mikoa hiyo miwili, asilimia 45 ya wavulana na asilimia 26 ya wasichana walikuwa wanywaji wakati huo.

Takwimu hizo zinaeleza ni vijana wangapi wanakunywa. Swali la nani aliyewafungulia mlango linahitaji kutazama ndani ya familia.

Damu au chumba kimoja?

Ndugu wawili wanapokuwa walevi, jirani husema haraka kwamba ni damu ya ukoo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumlisha tafiti nyingi za mapacha na za watoto wa kuasili, ulikadiria kuwa takriban nusu ya tofauti zilizopo baina ya watu katika hatari ya kupata tatizo la pombe inatokana na urithi wa vinasaba. Nusu iliyobaki inatokana na mazingira, na ndugu ni sehemu ya mazingira hayo.

Ili kutenganisha damu na malezi, watafiti wamewatazama watoto walioasiliwa, yaani ndugu waliolelewa nyumba moja bila kuwa na uhusiano wa damu. Mwaka 1996, Matt McGue na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walichapisha utafiti wa aina hiyo. Walibaini kuwa unywaji wa vijana walioasiliwa ulihusiana kidogo sana na matatizo ya pombe ya wazazi waliowalea. Unywaji huo ulihusiana zaidi na ule wa ndugu waliolelewa nao, ingawa hawakuchangia damu. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi pale ndugu hao walipokuwa wa jinsia moja na wenye umri unaokaribiana.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mazingira ya Kitanzania, ambako neno kaka halimhusu mtoto wa tumbo moja peke yake. Mtoto wa baba mkubwa aliyekuja mjini kusoma, binamu aliyeletwa kutafuta kazi na mjomba mwenye umri wa miaka 19 wote hulala chumba kile kile na wote huitwa kaka. Iwapo mazoea ya kuishi pamoja yanatosha kuwafananisha watoto wasio na damu moja, basi mzazi anayempokea kijana wa ndugu yake anampokea pia mwalimu mpya wa wanawe, kwa mema au kwa mabaya.

Njia nne za kurithishana

Wataalamu wa saikolojia ya familia wanataja njia kadhaa ambazo unywaji hupita kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine.

Ya kwanza ni kuona na kuiga. Nadharia ya kujifunza kwa kutazama, iliyoenezwa na mwanasaikolojia Albert Bandura katika miaka ya 1970, inasema mtu huiga zaidi tabia ya yule anayemheshimu na anayefanana naye, hasa akiona tabia hiyo inaleta faida. Baba mwenye umri wa miaka 50 akinywa, mtoto huona jambo la watu wazima. Kaka wa miaka 19 akinywa, akachekesha watu na kupata marafiki, mdogo wake wa miaka 15 anaona jambo ambalo liko umbali wa miaka minne tu.

Njia ya pili ni upatikanaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Ndani ya nyumba, hata hivyo, hakuna anayeuza. Kaka mwenye umri unaoruhusiwa hununua chupa mbili na ya pili hufunguliwa na mdogo wake, au chupa iliyobaki robo huachwa chini ya kitanda. Katazo linalomsimamia mwenye duka halina askari chumbani.

Ya tatu ni marafiki wa pamoja. Tafiti za Marekani, zikiwemo za Shawn Whiteman na wenzake zilizochapishwa mwaka 2013, zinaonyesha kuwa ndugu wanaokuwa na marafiki wale wale hufanana zaidi katika unywaji. Kijana anayemfuata kaka yake kijiweni hukaa miongoni mwa watu waliomzidi umri, na huko kipimo cha kawaida cha pombe ni cha watu wa miaka 20 na kuendelea. Mama anaporidhika kwamba mwanawe yuko salama kwa sababu ametoka na kaka yake, anaweza kuwa amemkabidhi kwa kundi ambalo yeye mwenyewe asingemruhusu kulifuata.

Njia ya nne haizungumzwi sana katika vitabu vya nchi za Magharibi, lakini kila aliyelelewa katika familia ya Kiafrika anaifahamu. Ni heshima. Mdogo hufundishwa tangu utotoni kumtii mkubwa, kupokea anachopewa na kutombishia mbele ya watu. Kumkatalia rafiki glasi ni jambo gumu kwa kijana. Kumkatalia kaka, tena kaka anayemlipia ada au nauli, huonekana kuwa ni kumvunjia heshima. Adabu ile ile iliyowekwa ili kuwalinda wadogo ndiyo inayowafunga midomo.

Wasichana nao wamo. Kwa kuwa mfanano huwa mkubwa zaidi kwa ndugu wa jinsia moja, dada mkubwa ana nafasi ya pekee kwa mdogo wake wa kike. Familia nyingi humfuatilia binti kwa kuhofia mimba na kumsahau katika suala la pombe, zikiamini kuwa ulevi ni tatizo la wavulana. Asilimia 26 ya wasichana wa vyuo katika utafiti wa mwaka 2015 inatosha kuonyesha kuwa imani hiyo imepitwa na wakati.

Kwa nini umri ni jambo la kuhofia

Mzazi anaweza kuuliza tofauti iko wapi kama kijana ataonja pombe akiwa na miaka 14 kwa mkono wa kaka yake au akiwa na miaka 21 kwa mkono wake mwenyewe. Tofauti ni kubwa. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa takriban asilimia 40 ya watu walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15 walipata utegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, kiwango kilikuwa takriban asilimia 10.

Takwimu hizo hazithibitishi kuwa kuanza mapema ndiyo sababu pekee, kwa kuwa watoto wanaoanza mapema mara nyingi wana matatizo mengine. Hata hivyo, ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20, hususan sehemu inayohusika na kujizuia na kupima matokeo. Pombe inayoingia katika kipindi hicho huukuta ubongo ambao breki zake bado hazijafungwa vizuri.

Hapo ndipo mchango wa kaka unapokuwa na uzito. Mara nyingi yeye si chanzo cha pombe katika maisha ya mdogo wake, kwa sababu pombe ingemfikia tu. Mchango wake ni kuileta mapema.

Mkondo haukomi utu uzimani

Wengi hudhani kuwa ushawishi wa ndugu huisha kila mmoja anapopata nyumba yake. Tafiti za mapacha nchini Finland na Marekani zinaonyesha kuwa mazingira ya nyumbani huwa na nguvu zaidi katika umri wa balehe, kisha hupungua kadiri miaka inavyokwenda huku nafasi ya vinasaba ikiongezeka. Kupungua huko si kutoweka. Watafiti wa Finland, katika kazi zilizochapishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, walibaini kuwa mapacha watu wazima wanaoonana mara kwa mara hufanana zaidi katika unywaji kuliko wale wasioonana mara nyingi. Inawezekana pia kuwa wanaofanana ndio wanaotafutana. Kwa vyovyote vile, pombe na udugu huendelea kutembea pamoja.

Kwa watu wa Kilimanjaro, uthibitisho wa jambo hilo huonekana kila Desemba. Mabasi na magari madogo kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupandisha maelfu ya Wachagga kwenda kula Krismasi nyumbani. Ndugu ambao hawajaonana kwa mwaka mzima hukusanyika, mbuzi huchinjwa, mbege hupikwa na kreti za bia hushushwa. Aliyefanikiwa hutoa ofa, na ukubwa wa ofa huwa kipimo cha mafanikio yake. Anayekunywa kidogo huulizwa kama anaumwa, na anayekataa kabisa huulizwa kama ameokoka.

Katika mikusanyiko hiyo, watu wazima wenye miaka 40 hurudia nafasi zao za utotoni. Kaka mkubwa huagiza na wadogo hupokea. Mdogo aliyepambana kwa miezi kadhaa kuacha pombe anaweza kuipoteza kazi hiyo kwa jioni moja, kwa kuwa anayemkabidhi glasi ndiye aliyemkabidhi ile ya kwanza.

Yupo pia anayebaki nyuma. Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hukaa na wazazi na kurithi nyumba yao. Wakubwa wanapokunja mabegi mwanzoni mwa Januari na kurejea makazini, ratiba ya kazi huwasaidia kupunguza kunywa. Kitinda mimba hubaki kihambani na mazoea ya wiki mbili, mbali na kazi ya kumwamsha asubuhi. Lawama za ulevi humwangukia yeye, na Desemba inayofuata wakubwa hurudi wakimshangaa.

Ndugu anapokuwa kinga

Ingekuwa makosa kuhitimisha kuwa kila mwenye kaka mlevi atakuwa mlevi. Whiteman na wenzake wanaeleza pia mwenendo wa kinyume, ambapo mdogo huamua kwa makusudi kutofanana na mkubwa wake. Kijana aliyeona kaka yake akifukuzwa kazi, akimpiga mkewe au akiletwa nyumbani amebebwa anaweza kuichukia pombe kuliko mtoto wa nyumba isiyo na mnywaji. Somo ni lile lile, ila mwanafunzi ameligeuza.

Vilevile, mkubwa asiyekunywa ana ushawishi ambao mzazi hawezi kuununua. Anapokataa glasi mbele ya wadogo zake bila kuhubiri, huwaonyesha kuwa mtu anaweza kukataa na akaendelea kuwa mtu wa watu. Mkubwa anayeacha pombe baada ya kuinywa kwa miaka naye hufungua njia, kwa kuwa anazungumza na wadogo zake kama mtu anayejua ladha yake na gharama yake.

Kwa wazazi, hatua ya kwanza ni kuhamisha mazungumzo. Badala ya kumwonya mdogo peke yake, mzazi anaweza kumketisha mkubwa na kumweleza waziwazi wajibu wake: asimtume mdogo kununua pombe, asimwonjeshe, asiache chupa chumbani, na asimchukue kwenda kijiweni usiku. Kijana wa miaka 20 ambaye hasikii akiambiwa aache kunywa kwa ajili ya afya yake anaweza kusikia akiambiwa kuwa mdogo wake anamtazama. Pale inapowezekana, kumtenganisha chumba mtoto wa miaka 13 na mnywaji wa miaka 22 ni uamuzi wa afya, si anasa.

Kwa aliyekwisha kuzama, msaada upo karibu na Pasua. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyoko upande wa kaskazini wa mji wa Moshi, ina huduma za magonjwa ya akili. Katika idara yake ya dharura, wataalamu wa hospitali hiyo wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walianzisha utaratibu uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambao muuguzi hufanya mazungumzo mafupi na majeruhi anayekunywa kwa kiwango cha hatari. Muuguzi hamtukani wala hamtishi mgonjwa, bali humsaidia kuona uhusiano kati ya pombe na kilichomleta hospitalini, kisha ajiwekee lengo mwenyewe.

Mtu anaweza pia kujipima mapema. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linalouliza ni mara ngapi mtu anakunywa, kwa kiasi gani, na kama kunywa kwake kumewahi kumdhuru yeye au mwingine. Alama ni kuanzia 0 hadi 40, na anayepata 8 au zaidi anashauriwa kuzungumza na mtoa huduma za afya. Shirika hilo lilitamka Januari 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa afya, na ripoti yake ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019.

Dodoso hilo lina swali moja linalogusa moja kwa moja suala la udugu. Linauliza iwapo ndugu, rafiki, daktari au mhudumu mwingine wa afya amewahi kuingiwa na wasiwasi kuhusu unywaji wa mhusika, au kumshauri apunguze. Katika nyumba za Pasua na vihamba vya mlimani, wa kwanza kuingiwa na wasiwasi huo mara nyingi ni mdogo anayelala kitanda cha pili. Kwa kuwa adabu inamzuia kumweleza kaka yake, wakubwa hawana budi kumuuliza.